Goti la Saimi

Kwa miaka sita Tuulikki alimfundisha Saimi kulinda lango la hoki ya barafuni akiwa wima, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Msimu huu timu ya mjini ilimchukua, na kocha mpya alitaka kila kipa acheze kwa kupiga magoti.

Jumamosi Tuulikki alikwenda kumtazama. Kila Saimi alipopiga magoti kwenye barafu alichelewa kuinuka. Mabao manne yakaingia.

"Inuka, we kobe!" kocha alifoka.

Tuulikki alishuka hadi nyuma ya benchi lao. "Mwenzangu, goti la huyo mtoto..."

"Mama, rudi ukakae. Sasa huyu ni wangu."

Saimi alimtazama kutoka golini. Tuulikki akarudi kukaa. Hajatulia, bao la tano likaingia.