Miche ya Hondohondo

Jumapili ya mwisho ya Julai nilisimama kanisani kwetu Kiruruma, nikaahidi miche mia tatu ya mihumula, miti ya kwetu inayokua haraka. Kilima cha nyuma ya kanisa kilikuwa kimebaki mawe na nyasi tu. Tulitaka pawe na msitu wa kutupatia kuni na kivuli, na ndege warudi. Watu walinipigia makofi. Katekista Evaristi akaandika kwenye daftari lake: Kitalu, Mama Vero.

Mbegu nilizipata nyumbani, chini ya mhumula mkubwa alioupanda marehemu mume wangu. Ila hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa, nao walizitaka. Kila asubuhi walitua kwenye mti mkavu ulio jirani, wakapiga kelele kama watu wanaochekana, kisha wakayashukia matunda. Nikawa nawafukuza kwa kupiga debe. Matunda yaliyobaki niliyaokota, nikayafukia mazima kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Kila jioni nilimwagilia, nikisali rozari katikati ya mistari.

Septemba ikaisha, viriba bado udongo mtupu. Zilibaki wiki tatu kufikia siku ya kupanda. Kanisani, kwa aibu, nikaacha benchi la mbele nikahamia la nyuma, karibu na mlango.

Nikawalaumu ndege. Lazima walikula mbegu nzuri wakaniachia mbovu! Nikamwita shemeji yangu Egbert aje na shoka aukate ule mti mkavu, wakose pa kutua.

"Shemeji, huo msitu wako uko wapi?" alisema alipofika kwenye kitalu. "Au ndio nimeukanyaga?"

"Kata mti, acha maneno."

"Nakata. Ukishindwa kuotesha mia tatu, basi tuangushe walau mmoja."

Chini ya mti ule palikuwa na kichaka nisichokipalilia miaka mingi. Akaingia na panga kujipatia njia. Nikasikia panga mara mbili, kisha akaniita.

"Shemeji! Njoo uone. Hii si mihumula?"

Nilikwenda mbio. Miche ilikuwa imesongamana kama maharage, majani yake yaking'aa, na katikati yake zimetapakaa kokwa safi zisizo na nyama hata kidogo.

Egbert akaokota moja, akaigeuza kiganjani. "Wamemeza tunda, wakatema kokwa safi; zako umezifukia na nyama yake, zikaoza. Wamekufanyia kazi yote, na wewe unawapigia debe!"

Nikapiga magoti palepale. Tangu Julai nilikuwa namwomba Mungu msaada. Kumbe alikwisha kuutuma, nami kila asubuhi naufukuza.

"Na mti je?" Egbert aliuliza. "Niukate au niusalimie?"

"Usalimie. Na ukimaliza, chukua jembe."

Tuling'oa miche na udongo wake, tukaihamishia kwenye viriba vilevile na kuiweka kivulini chini ya migomba. Michache ilinyauka. Siku ya kupanda nilipeleka mia tatu na kumi na mbili.

Evaristi alinitaka niwaeleze watu siri ya kitalu. Nikaeleza yote, hata habari ya debe. Walicheka mpaka Egbert akalazimika kukaa chini.

"Katekista," akasema akijifuta machozi, "hilo daftari lako halijakamilika."

Evaristi akalifungua kwa uzito kama anayeandika ubatizo. Pembeni ya jina langu akaongeza: na hondohondo wake.

Kesho yake, Jumapili, nilirudi benchi la mbele.