Panda Ukinitukana

Daktari wa figo alinitazama kuanzia kandambili hadi nywele, akasema vipimo vimekubali na figo yangu moja inaweza kuhamia kwa mdogo wangu bila matata. Nikaanza kushukuru. Akainua mkono.

"Tatizo ni uzito, dada. Na presha inachezacheza. Punguza kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kukupasua."

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa. Nimekaa tangu nilipoacha shule, nikishona sare za watoto wa watu, na kigoda changu kimeshabonyea kwa umbo langu. Lakini mdogo wangu alikuwa nje ya mlango ule, amejikunyata kwenye benchi. Zamani walimwita Winchi, kwa sababu kule ghalani alikokuwa akipakua mizigo aliinua gunia peke yake wakati wenzake bado wanatafutana. Sasa kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na mshipa wa mkono waliokuwa wakimchoma ulikuwa umeanza kukataa. Wazazi walishatutoka, ndugu wengine hatuna. Nilikuwepo mimi tu, na kitambi changu.

Tunakaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti, na chumba changu cha kushonea kiko chini kabisa. Kwa hiyo uwanja wa mazoezi nilikuwa nao tayari. Nilivaa raba za Winchi nikapanda ngazi mbio, nikashuka, nikapanda tena. Jirani mmoja alitoka na ndoo ya maji akidhani kuna moto.

Kisha kichwa kikaja. Kilisubiri nifike juu, nikae, nijisifu kidogo, ndipo kikaanza kugonga pande zote mbili kwa kufuata mapigo ya moyo, mpaka kwenye mizizi ya meno. Nililala jikoni, shavu kwenye saruji, kwa sababu ilikuwa ya baridi.

Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Nilijaribu kila nililoambiwa. Nilikunywa maji kabla na baada. Nilikula ndizi ili nisipande na tumbo tupu. Nilipasha mwili joto mlangoni, nikizungusha mabega huku wateja wakinicheka. Kuna siku kiliuma kidogo, kuna siku kilikuja na hasira zake zote. Kuacha nisingeweza. Kumwambia daktari nisingeweza pia, maana kwenye korido ya hospitali nilimwona mwanamke aliyekuja kumtolea mumewe figo, akataja kizunguzungu tu, wakamrudisha nyumbani. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, lakini kwa hilo niliufunga.

Winchi ndiye aliyenikuta sakafuni.

"Dada, umeanguka?"

"Kichwa. Nikifanya mazoezi tu, kinanipasuka."

Akaenda kwenye droo yake, akarudi na pakiti ya vidonge.

"Kunywa kimoja kabla hujapanda. Usisubiri kiume. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kabla ya kupakua mizigo, mgongo haunisumbui siku nzima."

"Alikuandikia daktari?"

"Daktari wa nini? Vinauzwa dukani kama pipi."

Kichwa kikanyamaza. Vya Winchi vilipokwisha nilinunua vingine, nikawa nakunywa kimoja kabla, kimoja baada, na siku ikiwa mbaya naongeza cha kulalia. Sketi zilianza kunivuka. Winchi alikuwa akinisubiri kule juu, kidonge kwenye kiganja, glasi ya maji mkono wa pili. Hakuwa na kingine cha kunisaidia, na kile kimoja alikifanya kwa moyo wote. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Tuliporudi kupimwa, daktari aliangalia majibu, akanitazama, akayaangalia tena.

"Dada, nguvu ya figo zako imeshuka. Majibu ya mara ya kwanza yalikuwa mazuri. Unatumia nini?"

"Situmii kitu."

Muuguzi, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole, "Hata cha kichwa, mwanangu?"

Nikatoa pakiti kwenye mkoba. Aliitazama na hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Hivi vinapunguza damu inayofika kwenye figo," daktari akasema. "Ukivinywa kila siku, na jasho limekukausha, figo zinaumia. Mtu wa kutoa figo havigusi hata kidogo."

Winchi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Na mtu akivinywa miaka yote," akauliza, "anabeba mizigo juani?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Wewe ulikuwa unavinywa?"

"Kila siku ya kazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza dawa. Hivi nilijua ni vya mgongo tu."

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndivyo vilivyoziua figo zake, lakini kuvitetea hawezi. Winchi alikuwa anakitazama kiganja chake, kile alichokuwa akinishikia kidonge.

Nikaambiwa niache kabisa. Huenda figo zangu zikarudi, huenda zisirudi, tusubiri. Na kichwa cha namna ile, daktari akanionya, hakifichwi. Wakapima presha, wakanipiga picha ya kichwa, hawakuona kibaya. Niliruhusiwa kuendelea na mazoezi, lakini nianze kwa kutembea.

Nyumbani Winchi alikaa kitandani na viatu vyake.

"Siitaki tena figo yako," akasema. "Nimeshakuharibu vya kutosha."

Nikamwambia afunge domo lake. Kisha nikaingia chooni, nikafungulia bomba ili asisikie, nikalia mpaka pua zikaziba. Sikuwa na mbele wala nyuma. Bila vidonge kichwa kingerudi, bila mazoezi uzito ungerudi, na hata nikiyashinda yote mawili, mwenyewe hataki.

Lakini nilipanda. Kichwa kikanigonga, nikapanda tena. Siku moja Winchi, aliyekuwa amekaa chini kabisa mlangoni kwangu, akaniita.

"Dada, mbona unapanda umebana midomo? Kama una pini."

Nikajishika mdomo. Kweli. Ukimpima mtu nguo, pini unazishika kwa midomo, na hupumui ovyo usije ukazimeza. Miaka yote ile, nikikazania jambo lolote, nabana midomo, nauma meno, pumzi naizuia. Nilikuwa nikizipanda zile ghorofa hivyo hivyo.

"Ongea," akasema. "Anayeongea hawezi kubana pumzi."

"Niongee nini peke yangu kama kichaa?"

"Panda ukinitukana. Hapo hujawahi kukosa maneno. Nikiacha kukusikia, nitaita."

Nikapanda taratibu nikimtukana. Mvivu wewe. Uliyevunja redio ya baba ukamsingizia paka. Mwenye miguu ya kuku. Majirani walifungua milango, wakacheka, wakazoea. Kichwa siku hiyo kilikuja chepesi. Siku zilivyokwenda, mara kinakuja, mara hakiji.

Jioni ya kuamkia siku ya majibu ya kupimwa tena, Winchi alirudi kutoka kwenye mashine na bandeji shingoni. Mshipa wa mkono ulikuwa umekufa, wakamtobolea wa shingoni. Hata hivyo alikaa mahali pake chini, amejifunika blanketi, akanipungia nipande. Nilitukana ghorofa ya kwanza, nikatukana ya pili. Katikati ya ya tatu matusi yakaniishia. Yote nilikuwa nimeshayatumia.

"Sikusikii, dada," akaita, sauti nyembamba.

Nikafungua mdomo.

"Usife," nikasema. Nikaendelea kupanda. "Usife, mpumbavu wewe. Usiniache peke yangu humu ndani. Usife." Nilipiga kelele hiyo mpaka juu, na safari hii hakuna jirani aliyefungua mlango. Nilikaa sakafuni nikakisubiri kichwa. Hakikuja.

Asubuhi daktari alisoma majibu mara mbili kwa mtindo wake.

"Figo zimerudi. Na uzito unatosha." Akamgeukia Winchi. "Bado wewe. Unakubali kupokea?"

Winchi alikuwa ananitazama mimi, anaitazama midomo yangu niliyoibana.

"Pumua kwanza, dada," akasema. "Nakubali."