Ovaroli za Marehemu

Mtaani walimwita Bi Usitupe, na jina lenyewe hakulichukia. Ungepita mlangoni kwake na chupa tupu mkononi, ungesikia sauti ikitoka ndani, "Usitupe!", kabla hata hujamwona mwenyewe. Makopo ya maziwa kwake yalioteshwa vitunguu. Maji ya kuoshea mboga yalimwagiliwa miche. Fulana ikichakaa ilikuwa tambara la deki, na tambara likichakaa nalo lilijazwa kwenye mto wa kiti. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akiwaambia wenzake, "Mimi naogopa kuzeeka. Sijui nitageuzwa nini."

Lakini hakuwa mtu wa kujionyesha tu. Mvua za mwaka uliotangulia, mtaro wa mbele ya nyumba uliziba kwa mifuko ya plastiki, na maji machafu yakaingia ndani hadi uvunguni mwa vitanda. Alipomaliza kuyachota, aliapa kwamba mtaa ule utaachana na plastiki. Akakaa kwenye cherehani yake akaanza kushona mifuko ya kitambaa ya kwendea sokoni. Kila nyumba aliiahidi mfuko, ugawiwe siku ya usafi wa mtaa, mwenyekiti akiwepo.

Ahadi ni rahisi kuitoa. Alishona mapazia ya zamani, akashona suruali za jinzi za mumewe, akashona shuka zilizotoboka. Siku ya usafi ikakaribia, kitambaa kikaisha, na nyumba nyingi zilikuwa bado.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe, alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake. Siku ya kuondoka alimpa mkwe wake funguo za sanduku la chumbani kwake. "Ukipata wageni, shuka safi ziko juu," alimwambia. "Huko chini usihangaike nako."

Bi Usitupe alifungua sanduku akijiambia kwamba anaangalia tu. Chini ya shuka alikuta ovaroli za marehemu mzee. Mzee alikuwa mchomeleaji vyuma, na ovaroli zake zilikuwa za kitambaa kizito cha bluu, kile ambacho ukikivuta kwa nguvu zako zote hakisemi kitu. Zilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya cheche, na kila kitundu kilikuwa kimezibwa kwa uzi, kwa mkono, na mtu asiye na haraka. Alijua mkono huo ni wa nani.

Akafunga sanduku. Akaenda jikoni, akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Moyoni akaanza kujijengea kesi: nguo zinaliwa na nondo gizani, mzee mwenyewe hatazivaa tena, na Mama ameambiwa mara ngapi aache kuhuzunika? Jioni haijafika, mkasi ulikuwa umeshapita kwenye mguu wa kwanza.

Siku ya usafi ilifana. Mwenyekiti aliinua mfuko wa bluu mbele ya watu, akatia jiwe ndani, akauning'iniza, ukahimili. Wakapiga makofi. Mumewe alimnong'oneza, "Hizi si ovaroli za baba?"

"Mama aliruhusu," akajibu.

Mama alirudi wiki iliyofuata. Baada ya kupumzika alienda chumbani kwake, akafungua sanduku. Kisha akaita.

"Mwanangu, hebu njoo. Hivi nguo za mzee nilizitoa humu?"

Bi Usitupe alisimama mlangoni, mikono ikichuruzika povu la sabuni. Neno la kweli lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Likatoka jingine.

"Sijui, Mama. Labda uliwapa wale waliopoteza vitu vyao wakati wa mafuriko."

Mama alikaa kitandani. Alitazama mikono yake kana kwamba ingemjibu. "Labda," akasema. "Nitakuwa niliwapa. Mbona sikumbuki?"

Angeweza kumkomboa hapo. Alirudi kwenye beseni lake akasugua kola ya shati mpaka uzi ukaanza kutoka.

Uongo ule haukukaa mahali pamoja. Mama alianza kujipima. Alikuwa akizima jiko, anatoka, anarudi kuligusa, anatoka tena. Funguo za nyumba alizirudisha kwa mwanawe akisema zisije zikampotea. Dukani akaacha kwenda. Jirani yao, Mama Pacha, aliyekuwa na desturi ya kumwachia wanawe akienda kuchota maji, alikuja na mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akamnyooshea wa mkononi kama siku zote.

Mama akarudi nyuma hatua. "Hapana, mama. Usinipe. Nisije nikamweka mahali nikamsahau."

Mama Pacha alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akamkumbatia mtoto wake akaondoka taratibu. Begani kwake alining'iniza mfuko wa bluu, umepinduliwa nje ndani, mishono tu ndiyo ikionekana. Bi Usitupe ndiye aliyewashauri wanawake wote wabebe hivyo. Aliwaambia unadumu zaidi.

Bi Usitupe akisikia hatua za Mama zikirudi jikoni kugusa jiko, alitamani ardhi ipasuke. Kila asubuhi aliamka akiwa amejiandaa kusema, na kila asubuhi alikuta Mama amezidi kunyong'onyea kidogo, na ukweli nao umezidi kuwa mzito. Jana ungekuwa kosa la nguo. Leo ulikuwa kosa la nguo na la siku zote zilizopita tangu pale.

Mumewe naye aliona. "Mama anapoteza kumbukumbu," alisema. "Hata ovaroli alizokuruhusu hazikumbuki. Mimi nina safari. Mpeleke hospitali, wampime."

Wakaenda. Foleni ilikuwa imeegemea ukuta, watu wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, muuguzi akitokea mlangoni na kuita mmoja mmoja. Mama alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Mkoba ameupakata, macho ameyafumba, midomo inacheza. Bi Usitupe alidhani anasali. Akainama kumsikiliza.

"Leo ni Jumatano," Mama alikuwa akinong'ona. "Mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati wa kiangazi. Wa pili ni dereva. Leo ni Jumatano. Mume wangu alikuwa anachomelea mageti..." Akafumbua macho, akaona anasikilizwa, akaona haya. "Wananiambia daktari anauliza maswali. Sitaki kukosa."

Bi Usitupe aliteleza kutoka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, pale pale mbele za watu.

"Mama, nguo nilikata mimi."

"Nguo gani?"

"Ovaroli za mzee. Hukuzigawa, Mama. Nilizikata nikashona mifuko, ukaniuliza nikakudanganya. Hukusahau kitu. Hakuna ulichosahau."

Mwanamke aliyekaa karibu alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?"

"Ni kizima, Mama."

Muuguzi akatokea mlangoni akaita, "Anayefuata! Mgonjwa ni yupi kati yenu?"

"Hapa hakuna mgonjwa," Mama akasema, akainuka bila kushikwa mkono. "Inuka, twende nyumbani. Watu wanatutazama."

Nyumbani Mama alivua viatu, akavipanga, ndipo akageuka.

"Nguo ungeniomba," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Labda ningekupa. Labda nisingekupa. Ukanikatia, sawa, nguo ni nguo. Lakini nilikuwa nalala naogopa kuamka nisiyajue majina ya wanangu. Unapita hapo na ndoo yako, unaniona. Hofu hiyo nayo ulikuwa unaishona iwe nini?"

Asubuhi Bi Usitupe alitoka akapita nyumba kwa nyumba kuomba mifuko ya bluu. Kila mlango alisimulia mwenyewe alichokifanya, bila kupunguza. Wengine walimpa mfuko bila kumtazama. Mmoja alisema, "Na sisi tukakupigia makofi!" Mama Pacha alikung'uta maganda ya vitunguu kutoka kwenye wake, akaukunja vizuri, akasema tu, "Pole yake Mama." Bi Usitupe hakumpa pole. Mifuko mingine haikupatikana: mmoja ulikuwa umesafiri na mgeni, mwingine ulikuwa umekatwa tena, umekuwa kishikio cha sufuria.

Mama aliipanga kitandani mifuko iliyorudi. Akaigusa mmoja baada ya mwingine, akitafuta kwa vidole mahali alipoziba cheche. Alichagua mmoja tu, wenye mfuko wa kifuani aliokuwa ameupanua ili mzee aweke miwani. "Hii mingine warudishie wenyewe," akasema. "Wasirudi kwenye plastiki kwa sababu yako."

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa Mama Pacha. Alirudi na bega limelowa mate ya mtoto.

Hakumfukuza mkwe wake, wala hakumsema kwa watu. Lakini maneno yaliyokuwa yakimiminika kati yao sasa yalipimwa: chumvi iko wapi, maji yamechemka, mgeni amekuja. Bi Usitupe aliyapokea kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi alichokipika mwenyewe. Majirani walipomletea chupa na makopo, alipokea, lakini kelele za "Usitupe!" zilikuwa zimekoma.

Siku moja alikuwa uani akiligeuzageuza karai lililotoboka, lake mwenyewe, alilokuja nalo alipoolewa. Alitaka kulioteshea pilipili. Akalishika muda mrefu, kisha akalibeba mpaka mlangoni kwa Mama.

"Mama, naomba kulitoboa hili zaidi, niweke udongo."

Mama aliinua uso kutoka kwenye maharage aliyokuwa akiyachambua. "Karai ni lako. Unaniuliza mimi kwa nini?"

"Basi tu, Mama. Nauliza."

Mama alirudi kwenye maharage yake. Akatoa jiwe, akalitupa nje. Akatoa jingine.

"Litoboe katikati," akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Ukilitoboa pembeni maji yatatuama."