Akina Hilaria wa Ulingo wa Don Wálter

Jumapili ya mwisho ya Desemba, Hilaria Tarqui aliinjika sufuria ya harusi kabla jua halijapasha mabati ya mji wa El Alto. Sufuria ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa ameacha kuidai tangu Juni, maana alijionea mwenyewe kwamba ile ya nyumbani haitoshi tena. Bi Gumercinda, mama yake Hilaria, alikaa kwenye ngozi ya kondoo karibu na moto akimenya viazi. Waliomsaidia walikuwa Hilaria wa Januari, Hilaria wa Machi na Hilaria wa Juni. Hilaria wa Agosti hakuweza kuchuchumaa kwa sababu ya goti, kwa hiyo alipewa kiti na sinia la maharage ya kuchambua.

"Chumvi imekolea?" aliuliza Bi Gumercinda.

Wote watano walionja na wote watano wakasema bado kidogo.

"Ndiyo maana siwaulizi nyinyi," alisema bibi. "Ni kama kuuliza ukuta."

Hilaria wa Januari alifuta kisu kwenye aproni. "Ameshatengeneza zile mbao?" Aliuliza hivyo kila asubuhi.

"Bado," alisema Hilaria.

"Aliniahidi."

"Alituahidi."

Kila Jumapili mchana Hilaria alipigana mieleka kwenye ukumbi wa Don Wálter Iturri. Alivaa sketi zake za marinda, tabaka juu ya tabaka, shali yenye nyuzi zinazoning'inia, na kofia nyeusi ya duara ambayo aliivua na kuitundika juu ya nguzo kabla ya kengele kulia. Ulingoni aliitwa Granizada, yaani mvua ya mawe, kwa jinsi alivyoshuka kutoka kamba ya juu. Shida ilikuwa pembe moja ya ulingo, ile ya upande wa saa ya ukutani. Paa lilikuwa linavuja hapo, na mbao chini ya turubai zilikuwa zimeoza. Aliyebwagwa pembe ile hakudunda kama inavyopasa. Alizama, na mbao zikamshika.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari. Reyna Colque, mwenzake wa siku nyingi, alimnyanyua akambwaga palepale, kama walivyofanya mazoezi. Hilaria akainuka, akajipangusa, akamalizia pambano na kushinda. Alipokwenda kuchukua kofia yake akajiona bado amelala pembeni, kiwiko kimevimba. Watu walikuwa wanapiga makofi. Mwamuzi Nemesio, ambaye kazi yake ulingoni ni kumpendelea anayeigiza mwovu hadi wazee wamtupie maganda ya machungwa, alimvuta aliyelala kwa miguu mpaka kando, asije mtu akajikwaa.

"Bibie, mchukue mwenzako," alisema watu walipotoka. "Tunafunga."

Hilaria alimfunika kwa shuka la rangi ambalo hubebea mizigo mgongoni, akampeleka nyumbani. Bi Gumercinda alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akaongeza maji kwenye supu.

Machi ulikuwa ubavu. Juni lilikuwa bega. Kila kilichoumia kiliumia kwa wote wawili, aliyeinuka na aliyebaki, na aliyebaki hakujua lolote lililotokea baada ya hapo. Siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, jirani alileta mikate yenye sura za watu, akidhani wale wageni ni marehemu waliokuja kutembea. Bi Gumercinda alimshukuru, akamweleza kwamba hawa wako hai, tena wanakula sana.

Kabla ya hapo, Agosti, lilikuwa goti. Hilaria alimaliza pambano lile kwa mguu mmoja. Daktari alisema goti lifunguliwe lishonwe upya, na hospitali ingelishughulikia lote kama mwenye ukumbi angefika kusema kwamba mama huyu ameumia kazini. Ni maneno hayo tu. Hilaria aliyaomba Agosti, akayaomba Septemba, akayaomba kila alipomkuta Don Wálter mlangoni. Kila mara Don Wálter alimwambia asubiri siku ya kupimwa mwaka.

Kupimwa mwaka hufanyika baada ya pambano la mwisho la Desemba. Don Wálter huwekewa meza kando ya ulingo, na Nemesio hukaa kuliani kwake. Mbele yao huwekwa uji moto wa mahindi ya zambarau na andazi kubwa la jibini. Wapiganaji hupanda mmoja mmoja, na kila mmoja huambiwa mwaka wake ulivyokuwa, kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia. Anayefaulu anapata Jumapili zake za mwaka ujao. Watazamaji hawaondoki, kwa sababu sehemu hiyo ni ya bure.

"Granizada," alisema Don Wálter. "Januari ulikuwa moto. Machi moto. Toka Agosti unapigana kama mtu aliyedondosha sindano anaitafuta. Huruki. Watu wanakuja hapa kuona mtu akiruka."

"Siruki kwa sababu ya goti."

"Goti lina nini?"

"Limevunjikia hapa, Don Wálter, kwenye mbao zako. Nakuomba uende hospitali ukaseme hivyo. Sikuombi kingine."

Nemesio alicheka puani. "Mama, hii ni mieleka. Hapa haumii mtu. Mimi nimepigwa viti vingapi?"

"Viti vyako vimeundwa kwa masanduku ya nyanya, Nemesio. Nilikuwepo ulipokuwa unavigongelea."

Watu walicheka. Don Wálter alisubiri wamalize, akafuta mdomo.

"Halafu kuna hili," alisema. "Wewe si mfanyakazi wangu. Mlipokuja hapa mlisema ninyi ni wapiganaji huru, hamtaki bwana. Nikawaheshimu. Mtu huru akianguka, ameanguka katika shughuli zake mwenyewe."

"Tulitaka uhuru wa kuchagua nani tupigane naye na kwa jina gani. Hatukuomba uhuru wa kuvunjika."

"Nani alikuona ukivunjika?"

Ukumbi mzima ulikuwa umemwona. Wengine walikuwa wamesimama juu ya mabenchi siku ile wapate kuona vizuri zaidi. Sasa kila mtu alitazama pakiti yake ya bisi.

Hilaria akageuka akainua mkono kuelekea mabenchi ya nyuma. Januari, Machi, Juni na Agosti wakasimama. Walikuwa wamekata tiketi, kwa sababu mke wa Don Wálter, aliyekaa mlangoni, alikuwa amesema anayekalia benchi analipa, awe wa mwezi gani. Wakashuka, wakapanda ulingoni, na bila kuambiwa wakalala kwenye pembe ya upande wa saa, kila mmoja jinsi alivyoanguka. Agosti alilala wa mwisho, akishikilia kamba. Mbao zililia.

"Huyu wa ubavu ni wa Machi," mwanamke mmoja alimwambia binti yake. "Siku ile tulikuwepo, unakumbuka? Ulikula soseji."

Don Wálter aliinuka na kikombe chake mkononi. Akawazunguka taratibu, kama mtu aliyeko kwenye mnada wa mifugo na hana haraka. Akasimama mbele ya Januari.

"Kiwiko kimepona?"

"Kimepona."

"Goti?"

"Zima."

"Unaruka kutoka kamba ya juu?"

"Nilikuwa naruka."

"Umewahi kuniomba kitu, bibie, zaidi ya mbao?"

Januari akafikiri. "Bado."

"Basi Granizada amefaulu," alitangaza Don Wálter. "Mwaka wake ulikuwa mzuri."

Ukumbi ukapiga makofi, maana watu walimpenda Granizada kwa dhati. Nemesio akamwomba Hilaria ashuke, kwa sababu ulingo ni wa wapiganaji.

Jioni ile nyumba ilichemka kuliko sufuria. Machi alisema wasusie. Juni alisema ile meza ya Don Wálter ivunjwe, na bega lake lingekuwa zima angeivunja yeye. Bi Gumercinda alimkanda Hilaria goti kwa mafuta ya mnyama lama, akalikandamiza kwa hasira mpaka Hilaria akamshika mkono.

"Pole pole, mama. Si goti la Wálter."

Januari alikuwa anapanga marinda ya sketi yake ya kijani. Hilaria alimtazama kwa muda, akitafuta la kumlaumu asilipate. Alijua anachowaza, hata kabla hajakiwaza.

"Usikubali kubwagwa upande wa saa," alimwambia.

"Atazitengeneza. Alimwaga pombe pembe zote nne, akaapa mbele ya Pachamama, mama ardhi."

"Aliniapia mimi."

"Najua," alisema Januari. "Nilikuwepo."

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, Hilaria alikata tiketi akakaa, shuka la rangi limekunjwa mapajani. Granizada alitundika kofia yake kwenye nguzo, akapanda kamba ya juu, akaruka. Ukumbi ulinguruma. Halafu Reyna Colque, macho akiyaangusha chini, alimnyanyua akambwaga pembe ileile, kwa sababu ndivyo Don Wálter alivyopanga na ndivyo walivyofanya mazoezi. Granizada akainuka, akajipangusa, akashinda. Mwingine akabaki amelala, uso umegeukia saa.

Nemesio alipoinama kumshika miguu, Hilaria alikuwa ameshafika.

"Muache. Nambeba mwenyewe."

"Haya, mbebe. Leo tunafunga mapema."

Alimfunika mpaka kidevuni. Yule aliyelala alifumbua macho, akamtambua.

"Ameshatengeneza zile mbao?"

"Bado," alisema Hilaria, akainama kwa mguu ulio mzima.

Mlangoni mke wa Don Wálter alikuwa ameanza kuuza tiketi za wiki inayofuata. Aliwatazama wakipita, mmoja akichechemea, mwingine akiwa mgongoni mwake.

"Huyo naye Jumapili atakuja?"

"Atakuja."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele," alisema Hilaria. "Upande wa saa."