Bakuli la Mjomba

Zaina alilijua gari la mjomba wake kwa harufu kabla hajaliona. Zamani lilinukia petroli na ufuta mpya, na watoto wa Matambarale walilikimbilia wakishangilia. Mwaka ule, baada ya karanga za Wazungu kufa kule Nachingwea na matrekta kuachwa yaote kutu, lilinuka mikojo na matapishi. Watoto waliziba pua.

Mjomba Yunusi alilipata gari lile katika mabaki ya mradi wa karanga, likawa gari pekee lililofika huku kununua ufuta. Kisha ikatoka amri kwamba watu wa ng'ambo ya Ruvuma wasiokuwa na vyeti warudishwe kwa Mreno aliyetawala huko. Watu hao hao ndio waliofyeka mapori ya karanga na kung'oa visiki mpaka viganja vikachubuka. Karanga zilipokufa, ghafla wakaitwa wageni. Askari waliwakamata, na kazi ya kuwasafirisha hadi mtoni akapewa Yunusi. Yeye hakuona sababu ya kufanya safari mbili. Alipakia magunia ya ufuta chini, akaketisha watu juu yake, magunia akayashusha ghalani kwake Nachingwea na watu wakaendelea. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka njiani, hata kwa haja.

Wa kwanza kukataa kumuuzia ufuta alikuwa Fatu, jirani yake Zaina, mwanamke mwenye mdomo usiojua breki. Siku moja alipanda garini kupanga gunia lake, akakanyaga kitu chenye ubichi. Aliteremka, akatapika pembeni, akalivuta gunia lake hadi chini.

"Mimi sikuupalilia ufuta huu uje ulalie mavi ya watu waliofungwa kamba," alisema. "Anayeutaka auchukue kwa gari safi."

Maneno hayo yalimkaa Zaina kifuani, kwa sababu mume wake, Abdala, alikuwa Mmakua wa ng'ambo. Tena aliyemkubali Abdala alikuwa mjomba Yunusi mwenyewe, maana kwao Wamwera mwenye neno juu ya binti ni mjomba. Alimlimisha mashamba yake misimu mingi kabla ya kumpa mke. Mama yake Yunusi alipofariki, Abdala ndiye aliyechimba kaburi, huku akiwatania wafiwa mpaka wakacheka katikati ya machozi, kama mtani anavyopaswa. Yunusi alimwita mwanangu. Walikula sahani moja.

Kwa hiyo Zaina alimwendea kwenye duka lake la pale kijijini, akamkuta anatafuna kuku.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukuomba. Gari lako lisibebe watu."

"Marahaba, mwanangu." Yunusi aliufyonza mfupa, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Lakini mimi nina nini? Mimi ni magurudumu tu. Amri si yangu, watu si wangu, siwezi kumshusha hata mmoja. Ningekuwa na uwezo, nisingefanya?"

Alisema hayo kwa sauti ya huruma, kisha akachagua paja. Zaina aliondoka, na tangu siku ile hakumwamkia tena.

Akaanza kupita kisimani, mashambani, kwenye viwanja vya kupigia ufuta. Alichosema kilikuwa kifupi: Yunusi asiuziwe hata punje, na dukani kwake mtu asinunue chochote, wala chumvi wala mafuta ya taa. Na asiguswe. Vijana waliotaka kulivunja gari vioo aliwakemea vikali.

"Mkirusha jiwe moja tu, askari watakuwa wamepata wanachokitafuta," aliwaambia. "Mwacheni na mizani yake, aipime hewa."

Haikuwa kazi nyepesi. Wapo waliomwambia anagombana na ukoo wake kwa ajili ya mwanamume. Wapo waliouliza watalipa kodi kwa fedha gani. Majivu yakachujwa ili kupata chumvi ya kienyeji, na mboga zikawa na uchungu wa kukunja uso. Watu wakala hivyo hivyo, wengine wakimlaani Zaina kati ya tonge na tonge. Yunusi alipokwenda kujaribu bahati Mnero, alikuta habari zimemtangulia. Wanawake wa huko walimkaribisha maji, wakamwambia ufuta wao bado haujakauka. Ulikuwa umekauka tangu mwezi uliopita.

Basi askari wakamkamata Abdala. Walimkuta shambani, jembe mkononi, na aliyewaonyesha njia ya mkato alikuwa mtumishi wa duka la Yunusi.

Siku ya gulio gari lilikuja Matambarale likiwa na watu nyuma, Abdala akiwa miongoni mwao, na askari mmoja ameketi mbele. Wanawake nao walikuja na ufuta wao wote. Zaina ndiye aliyetaka uletwe, Yunusi auone na asiupate. Kila mmoja aliketi juu ya gunia lake, kimya, wakilitazama gari. Zaina alikuwa na gunia lake, na kando yake bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Lilikuwa bakuli la mjomba, ufuta wa kwanza wa mavuno, ambao katika ukoo wao hupelekewa mjomba kila mwaka hata kama mmenuniana. Alilibeba asubuhi ile bila kujua kama atampa.

Yunusi aliizunguka mizani yake, akamwita huyu, akamchekea yule. Hakuna aliyenyanyuka. Tajiri wa Lindi, mnunuzi wake mkubwa, alikuwa anaudai ufuta, na mgongo wa Yunusi ulikuwa umelowa jasho. Mwishowe akaja kuchuchumaa mbele ya Zaina, karibu kabisa, akinuka kitunguu.

"Mwanangu, tusiaibishane," alinong'ona. "Pakia gunia lako uwe wa kwanza, wenzio watafuata. Mimi namshusha Abdala sasa hivi. Yule askari ni mtu wangu."

Akampungia askari mkono, na kweli Abdala akashushwa. Alisimama pale na kamba imemchuna vifundo vya mikono, suruali imelowa. Zaina alitaka kumkumbatia. Alitaka kumshika mkono na kukimbia naye, na wengine wote wabaki huko huko walikokaa. Lakini neno moja la mjomba halikumtoka kichwani: namshusha.

"Mmesikia?" alisema, akisimama, sauti ikasambaa gulio zima. "Mjomba anaweza kuwashusha. Siku zote hizi alikuwa anaweza! Magurudumu tu, eti! Waliokwishapelekwa wote angeweza kuwashusha!"

Wanawake walinyanyuka. Fatu alitema mate chini.

Zaina akamgeukia mume wake. Akamwita kwa jina la mtoto wao: "Baba Amri, rudi garini."

"Mama Amri, wanatupeleka kwa Mreno."

"Najua. Ukishuka peke yako umenunuliwa kwa gunia. Rudi, mume wangu."

Abdala akawatazama wenzake waliokuwa juu. Akapanda mwenyewe. Papo hapo wanawake wakajitwisha magunia vichwani, wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine, Zaina akibaki nyuma, na vumbi la ufuta wao likabaki hewani.

Yunusi aliwatazama mpaka gunia la kwanza lilipogeuza kona ya njia. Akakimbilia mbele ya gari, akanong'onezana na askari, kitu kikapita kutoka mfuko hadi mfuko. Mlango wa nyuma ukaanguka kwa kishindo.

"Shukeni wote! Shukeni!" alipiga kelele. "Jamani, akina mama, rudini! Nimewashusha!"

Waliokuwa garini waliruka chini, wakashika njia za porini kuelekea Kilimarondo, Abdala akiwa wa mwisho. Zaina hakushangilia. Safari zote zile watu walilia, walimtaja Mungu, mmoja alifia humo garini, na Yunusi hakusikia. Ufuta ulipoondoka, alisikia.

"Haya sasa," Yunusi alisema, amekwisha kushika mizani, uso wote tabasamu. "Leteni mizigo. Na wewe mwanangu, hata bakuli la mjomba hukunipa mwaka huu."

Zaina alilifunua bakuli. Akaliendea gari, akanyoosha mkono juu ya sakafu iliyolowa, akaumimina ufuta wote pale kwenye mikojo na matapishi.

"Hilo hapo, mjomba," alisema.

Alilifuta bakuli kwa kitambaa, akajitwisha gunia lake, akawafuata wenzake. Fatu alikuwa anamngoja kwenye kona, akamvuta mkono ili naye ageuke aone. Yunusi alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, anaukusanya ufuta ule kwa viganja.