Diski Zinazong'aa

Kila Jumapili, kabla hata ya kupiga hodi kwa wazazi wake, binti yao alichungulia kwenye matundu ya rimu za gari la mzee. Mazoea ya kazi hayo. Yeye ni fundi breki. Na kila Jumapili alikuta diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na breki, zinang'aa. Gari lililolala uani wiki nzima, tena kwenye mvua zile, lilipaswa kuwa na diski nyekundu kwa kutu. Kutu changa kama hiyo huisha breki zikikanyagwa gari likiwa linatembea.

Lakini baba yake, dereva teksi mstaafu, macho yalishamtupa mkono. Mtu akisimama hatua tano tu, humwona kama kivuli. Aliapa hatagusa tena usukani, akamkabidhi binti ufunguo, na mita ya kilomita haikuwa imesogea. Nani basi anaendesha, na mbona hafiki popote? Binti aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Akajiapiza kwamba akimfuma mzee kwenye usukani, gari litauzwa siku hiyohiyo, anune asinune.

Jumanne asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaja bila taarifa. Geti lilikuwa wazi kidogo. Akasikia kutu ikikwaruza, akachungulia.

Mzee alikuwa nyuma ya gari, mikono kwenye buti, anasukuma huku jasho linamtiririka. Kwenye usukani alikaa mama, miaka sitini na miwili, ambaye maishani mwake hajawahi kupanda hata baiskeli.

"Kanyaga," mzee akasema. Gari likasimama.

Binti alipoingia, wote wawili walinywea. Mama ndiye aliyekiri: yeye ndiye aliyetaka iwe siri, akihofia kuchekwa na fundi mzima. Ufunguo haukuwepo, wakaona waanze na breki. Hatua kumi mbele, hatua kumi nyuma, kila asubuhi.

"Miaka thelathini amekaa kiti cha pembeni," mzee akasema. "Sasa ni zamu yangu kukaa pembeni."

Binti aliona aibu. Mwezi mzima alikuwa akimshuku baba yake. Mama, mikono bado imeng'ang'ania usukani, akauliza kama amekanyaga sawasawa.

Binti akachutama kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto, akakaa hapo mpaka machozi yakamkauka.

"Kulia safi, mama. Kushoto bado kuna kutu kidogo. Rudia."

Kisha akaenda nyuma, akasimama kando ya baba yake, wakasukuma.