Mpira Wenye Waya

Jumamosi ya tatu mfululizo, mume wangu alikuwa ameinamia injini ya gari letu kuukuu kama daktari bingwa. Gari lilikuwa linatetemeka kila liliposimama, na yeye alishatangaza kwamba kuna mahali linavuta hewa. Kwa elimu hiyo kubwa akabadilisha plagi, kabureta, hata betri. Gari likaendelea kutetemeka, pengine kwa kumwogopa.

Nikachukua chupa ya kupulizia maji ninayopigia pasi.

"Injini ikiwa inanguruma, ukipulizia palipotoboka, mlio unabadilika," nikamwambia. Fundi wa mtaani alinieleza hayo kwa dakika moja, bila hata kuacha kazi yake.

"Haya, bibi fundi," akacheka. "Ila mpira ule wa kupitishia hewa, wenye waya, usihangaike nao. Ule niliufunga mwenyewe mwezi uliopita."

Nikawasha gari, nikaanza kupulizia huohuo. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma bila kutetemeka. Waya alioukaza kwa mbwembwe zote ulikuwa umeupasua mpira.

Akautazama. Akajikohoza.

"Unaona sasa?" akasema. "Si nilikwambia tangu mwanzo ni hewa?"